Chupa Zilizouzwa Bila Kuwepo

Rafu yenye mapengo ni sawa na muuzaji mwenye njaa: mteja akiiona tu, bei anapanga yeye. Hilo nimelishika tangu nikiwa binti, na leo hii ukinikuta nyuma ya kaunta nitakwambia hivyo hivyo, ukipenda ukatae. Kwa hiyo mimi chombo kikiuzwa, boksi lake nalirudisha pale pale lilipokuwa. Mteja akilitaka boksi namuuliza, "La nini? Chai utainywea kwenye boksi?" Anacheka, anaondoka na chupa yake, na rafu yangu inabaki imenona.

Duka ni la vyombo vya nyumbani: sahani, sufuria, mabeseni, ndoo, vijiko, chupa za chai. Alilianzisha baba, akatuachia wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Tuligawana kazi bila kugombana. Mdogo wangu akawa mtu wa kufuata mzigo kwa wauzaji wa jumla na kuzungumza na mwenye jengo, kwa kuwa yeye ana subira na mimi sina. Mimi nikakaa kaunta, na mtaa mzima ukaniita Mama Vyombo.

Kisha mdogo wangu akaoa, nikapata wifi.

Sisemi alikuwa mbaya. Nasema alikuja na simu. Alimaliza mwezi mmoja tu wa kuingia na kutoka dukani kwangu, akafungua duka jingine ndani ya ile simu: anapiga picha vyombo, anaviweka kwenye soko la mtandaoni, mtu wa mbali anaagiza, dereva wa pikipiki anapeleka. Maduka mawili, mzigo mmoja. Mimi nauza kwa mkono, yeye anauza kwa kidole, na sufuria ni ile ile.

"Wifi, ile sufuria ya mfuniko wa kioo iko wapi?" ataniuliza asubuhi.

"Imeondoka na mwenyewe."

"Mwenyewe yupi? Mwenyewe amelipa jana kwenye simu!"

"Wako hana miguu. Wangu alikuja na yake."

Nilipenda kumchokoza. Nikimwona ameinama anapiga picha beseni kama anapiga picha ya bibi harusi, namwambia, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Naye hakuwa wa kushindwa maneno. "Basi wifi, hilo jagi lako la kijani limekaa hapo likijiuza tangu sijaolewa. Limwambie anayelitaka aharakishe." Tulikuwa tunacheka, kisha tunagombana tena. Wifi ni wifi.

Jambo moja tu nilimkataza kabisa: kunigusia rafu. Alikuwa na mtindo wa kushusha vitu avihesabu, kisha anavirudisha upande upande, mfano wa mtu aliyepanga huku anakimbia. Nikamwambia, "Ukitaka kuhesabu, simama hapo chini uhesabu kwa macho. Mkono wako nisiuone juu." Akatii. Laiti asingetii siku ile.

Basi wiki moja mdogo wangu akaja na uso wa mtu aliyebeba habari asiyojua pa kuitua. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akazungusha funguo kidoleni.

"Dada, mwenye jengo amepandisha kodi. Anakuja Jumamosi kuchukua jibu."

"Si utalipa? Lini hakupandisha?"

"Safari hii amepandisha kweli. Na mimi najiuliza, kodi hii ya barabarani ni ya nini, kama nusu ya wateja wako kwenye simu? Kuna ghala nje ya mji, bei ni ya chini sana. Duka la wifi yako likipita wiki hii vizuri, likaonyesha linaweza kusimama lenyewe, tunahamishia mzigo huko." Akatazama funguo zake. "Na wewe dada utapumzika."

Kupumzika! Mtu hupumzika akichoka, na mimi sikuwa nimechoka. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nyumbani kwangu mimi ni mtu mmoja na redio. Dukani kuna anayekuja kununua kijiko akakaa mpaka adhuhuri akinisimulia ugonjwa wa mume wake, kuna anayepita tu kuniuliza nimeamkaje, kuna watoto wanaojificha kwenye mabeseni yangu makubwa. Ghalani nje ya mji nani atapita kuniuliza nimeamkaje? Tena nisingepelekwa hata huko ghalani. Ningepumzishwa.

Nikawa naiangalia Jumamosi inavyokuja kama mtu anavyoangalia daktari anayetayarisha sindano.

Jumatano wifi yangu aliamua kutengeneza video ya chupa ya chai. Akamimina maji ya moto, akafunga, akaanza kusema kwa sauti laini ya redioni, "Chupa hii ni imara na ya kisasa..." Nilivumilia kidogo, kisha nikashindwa. Nikapiga kelele kutoka kaunta: "Imara gani bila kusema ukweli! Waambie chai ya asubuhi jioni bado inaunguza ulimi, na wasiipigize chini maana ndani mna kioo! Na asiyejua kufunga mfuniko asinilaumu mimi!"

Nilidhani atafuta. Hakufuta. Aliirusha hivyo hivyo, na sauti yangu ndani.

Kesho yake, Alhamisi, nilikuwa napanga vijiko wifi aliporuka kutoka nyuma karibu aniangushie droo.

"Wifi! Wifi! Zimeuzwa zote!"

"Zipi?"

"Chupa za chai! Watu wanaitazama ile video wanacheka, wanaituma kwa wenzao, wananunua. Wananiandikia, 'Nataka ile ya mama mkali.' Dazeni tatu, wifi, zote zimekwisha kabla sijanywa chai!"

Niliinua macho kwenye rafu ya juu. Maboksi ya chupa yalikuwa yamejipanga vizuri, mekundu, ya buluu na ya maua, safu mbili kamili. Nikaona nilichokuwa nakijua mimi peke yangu. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika kaunta.

"Unacheka nini?"

"Panda ngazi," nikamwambia. "Leo nakuruhusu."

Akapanda. Akalishika boksi la kwanza kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu za mtu anayevuta kitu kizito, nalo likaja wepesi kama kofia, nusura aanguke nalo chali. Akalitikisa. Akashika la pili, akalitikisa. La tatu. Yaliyokuwa na chupa ndani yalikuwa machache, ya mwisho kabisa ukutani. Akakaa juu ya ngazi na boksi tupu mapajani.

"Wifi," akasema taratibu, "watu wazima mnafanya hivi?"

"Rafu lazima ionekane imejaa!"

"Mimi nimehesabu hiyo rafu! Nimeziandika kwenye simu kwamba zipo!"

"Kuhesabu ni kushika. Ulichofanya wewe ni kutazama."

"Si ndiwe uliyesema nitazame! Mkono wangu usiuone juu, si maneno yako hayo?"

Yalikuwa maneno yangu. Tukapigana mdomo hapo, yeye juu ya ngazi, mimi chini, mpaka mteja aliyekuja kununua ndoo akasema atarudi baadaye. Aliniita debe tupu. Nikamwita mfanyabiashara wa picha. Tulipochoka akashuka, akampigia mumewe, mumewe akampigia muuzaji wa jumla, na jibu likarudi: mzigo wa chupa uko njiani.

Wewe uliyewahi kuuza duka unalijua neno hilo. Hakuna njia ndefu duniani kama njia ya mzigo ulio njiani. Chupa zile zilikuwa njiani tangu mwezi uliopita.

Hapo ndipo wifi alipogeuka rangi. Akanieleza: soko lile la mtandaoni lina masharti. Ukishauza, mzigo lazima ukabidhiwe kwa dereva kufikia kesho yake jioni. Oda moja ikikosekana wanakuonya. Zikikosekana nyingi wanakufungia duka, na nyota zote ambazo wateja wamekupa zinafutika. Akageuza ndoo akaikalia, simu mkononi, kimya. Wifi yangu kukaa kimya ni jambo la kuita watu waje kuangalia.

Mimi nikarudi kwenye vijiko vyangu, na wazo likaja lenyewe, sikuliita. Duka la simu likifungwa kesho, Jumamosi mdogo wangu hana cha kuhamishia ghalani. Duka la kaunta linabaki. Mimi nabaki. Na sihitaji kufanya kitu chochote, wala kusema uongo. Nikae tu nipange vijiko. Nilikaa na wazo hilo muda wa kuuza mabeseni mawili na mwiko, na wallahi lilikuwa tamu.

Kisha nikamsikia anasoma kwa sauti ya chini anachoandika. "Mteja wetu mpendwa, samahani sana. Nimekosea hesabu, chupa yako haipo. Kosa ni langu." Akafuta, akaandika tena, akasoma tena. "Kosa ni langu."

"Mbona unasema ni lako?" nikamuuliza.

Hakuinua hata uso. "Niseme nini? Niwaambie wifi yangu anapanga maboksi matupu? Wakucheke wewe? Wamekupenda jana tu."

Niliona aibu, na mimi aibu huwa inanitoka kwa hasira. "Weka hiyo simu," nikamwambia. "Usitume kitu. Vaa viatu vinavyotembea."

"Tunakwenda wapi?"

"Kaa kidogo."

Nieleze. Enzi za baba mtaa wetu ulikuwa na desturi. Mteja akitaka kitu ambacho huna, humwambii hakuna. Neno hilo linaua biashara. Unamwambia "kaa kidogo," unampa kigoda, unatoka kwa mlango wa nyuma kama unaingia stoo, kumbe unakwenda kwa jirani. Jirani anakupa, unamuuzia mteja wako, na siku mzigo wako ukifika unamrudishia jirani chombo kama kile kile. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Mtaa mzima ulikuwa ghala moja lenye milango mingi. Lakini maduka yakaongezeka, kila mtu akawa anauza vitu vile vile kwa bei ya kumkomoa mwenzake, na milango ya nyuma ikafungwa mmoja mmoja. Wa kwangu niliufunga kwa kitasa na kabati juu yake.

Tukalisogeza kabati mimi na wifi. Nikamwachia duka fundi cherehani wa mlango wa pili, tukatoka.

Wa kwanza alikuwa mzee wa duka la kona tunayemwita Imebaki Moja. Huyo ni kinyume changu. Mimi naonyesha nisichonacho, yeye anaficha alichonacho. Uliza chochote dukani kwake, taa, kufuli, chupa, atakwambia kwa huzuni, "Imebaki moja," ili uinunue hapo hapo kabla hajaichukua mwingine. Amekuwa akisema hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Chupa za chai unazo?" nikamuuliza.

Akaangalia juu, akaangalia chini, akahema. "Imebaki moja."

Wifi akashika mkono wangu. "Twende, wifi, moja haitusaidii."

"Subiri," nikamwambia. Nikaegemea kaunta ya mzee. "Kaka, mimi si mteja. Nimekuja kwa mlango wa nyuma."

Akanitazama. Akamtazama wifi. Akatazama mlango wake wa nyuma ambao nilikuwa kweli nimeingilia, na tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo likavuka kwenda upande wa pili. "Mama Vyombo! Muda gani huo! Nilidhani mlango huu mmeusahau." Akainama chini ya kaunta akatoa chupa. Akatoa nyingine. Akavuta pazia, nyuma yake kulikuwa na katoni, akafunua turubai, chini yake katoni nyingine.

Wifi alibaki mdomo wazi. "Baba, hizi zote ulikuwa unazifanyia nini?"

"Zimebaki moja moja," mzee akasema bila kutahayari.

Tukapata zaidi ya nusu ya tulizohitaji. Zilizobaki nilijua ziko wapi, na roho ilinikataa kwenda.

Mbele ya duka langu, ng'ambo ya barabara, kuna duka la Bwana Punguzo. Tumempa jina hilo kwa sababu ya kitambaa chake kilichoandikwa PUNGUZO KUBWA WIKI HII TU, ambacho kimening'inia mpaka jua limekifuta rangi. Hatukuwa tunasemeshana. Kila nilichouza aliuza yeye kwa bei ya chini kidogo, nami nikaapa simpi salamu. Tukiwa na la kuambiana tulimtuma mteja: "Mwambie huyo jirani yako maji yake ya kudeki yanakuja kwangu."

Tulipoingia alikuwa anapangusa sufuria kubwa kuliko yeye. Akamwambia wifi, "Muulize huyo uliyekuja naye anataka nini."

Wifi, maskini, akageuka. "Wifi, anauliza unataka nini."

"Mwambie nataka chupa za chai, za kuazima."

"Anataka chupa za chai za—"

"Nimesikia," akasema Bwana Punguzo. Akaweka chini kitambaa cha kupangusia. Safari hii aliniangalia mimi. "Ila kusikia kwa mdomo wa mtu mwingine hakutoshi. Mwenyewe anaombaje?"

Nikawaza kurudi. Nikawaza vile vile maneno "kosa ni langu." Nikapiga moyo konde.

"Jirani," nikasema, "naomba unifae. Nimekwama."

Sijui alitarajia nini, maana alikohoa kama mtu aliyepaliwa. "Wewe umeniambia 'jirani'?"

"Nimekwambia. Usinifanye nirudie."

"Watu wanadhani nauza sana kwa hilo punguzo," akasema, akienda nyuma huku anaongea. "Nauza nini? Hizi sufuria kubwa hazijatoka. Chupa hizi nimezinunua kwa kukuiga wewe. Niliona rafu yako imejaa nikasema lazima zinatoka, kwani Mama Vyombo hawezi kujaza kitu kisichotoka."

Wifi alilazimika kutoka nje kwenda kucheka. Mimi nilikaza uso. Akaturudia na katoni mbili, akazibeba mwenyewe kuvuka barabara, na mtaa mzima ukasimama milangoni kuangalia Bwana Punguzo akiingia kwangu.

Kazi ya kukusanya ilikuwa yangu. Iliyofuata ilikuwa ya wifi, na hapo lazima niseme haki: sikuwahi kumwona akifanya kazi kabla ya Ijumaa ile, nilikuwa namwona akishika simu tu. Chupa ina kioo ndani, ukiitupa kwenye mkoba wa pikipiki inafika imekuwa kayamba. Alizifunga kwa magazeti na vipande vya godoro, akazitikisa sikioni mojamoja. Akazipanga sakafuni kwa njia ambayo kila dereva atapita, ili asirudi nyuma hata mara moja: huyu mitaa ya juu, huyu ya sokoni, huyu ya ng'ambo ya daraja. Mimi ningempa dereva wa kwanza chupa zote nimwombee safari njema.

Tatizo likawa rangi. Aliyeagiza ya buluu tunayo ya maua, aliyetaka nyekundu tunayo ya kahawia. Wifi akawa anawaandikia kwa upole, wengi wakakubali. Mmoja akakataa katakata, akapiga simu, anafoka. Nikampokonya wifi simu.

"Mama, chai unaimimina ndani au nje?"

Sauti ikasema, "Ngoja... wewe ndiye yule mama mkali?"

"Ndimi."

"Lete hiyo ya kahawia. Na mwanangu anakusalimu."

Jua lilikuwa bado halijashuka dereva wa mwisho alipoondoka. Jioni nyota zikaanza kuingia kwenye simu, wifi akizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, anaruka kama mtoto. Akanikumbatia. Nami nikamkumbatia, nikafurahi kweli kweli, na katikati ya furaha ile nikakumbuka.

Duka la simu lilikuwa limepita wiki vizuri kuliko wiki yoyote. Limesimama. Nililisimamisha kwa mikono yangu miwili, kwa kuvuka barabara na kumwita Bwana Punguzo jirani. Nilifunga mlango jioni ile polepole, nikapitisha kiganja kwenye kaunta aliyoichonga baba. Nikajiambia sitamlaumu mtu na sitaomba. Nililia kidogo kwenye mabeseni, nikanawa uso, nikaenda nyumbani kwa redio yangu.

Jumamosi nilifika nikiwa nimevaa vizuri. Mtu akifukuzwa afukuzwe amependeza.

Nilikuta duka halina pa kukanyaga. Bwana Punguzo alikuwa ameleta sufuria zake kubwa tangu alfajiri, amezipanga mlangoni anataka zipigwe picha. Mzee Imebaki Moja alikuwa na katoni za kufuli na taa. Fundi cherehani ameleta mashuka. Wifi yupo katikati yao, kalamu sikioni, anahangaika.

"Baba, nina haja ya hesabu ya kweli. Taa unazo ngapi?"

"Imebaki moja," mzee akasema.

"Baba!"

"Mzee," nikaita kutoka mlangoni, "taja zote, na zile za chini ya kitanda."

Akazitaja zote, na za chini ya kitanda. Bwana Punguzo naye akadai sufuria zake ni mpya kabisa. Nikamwambia ageuze ile ya tatu, ina mkwaruzo tangu alipoiangusha mlangoni kwake nikimwona. Akaigeuza, ulikuwepo. Wifi aliandika bei ya chini kidogo, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo mdogo wangu akaingia na mwenye jengo, mtu mnene mwenye mkoba mwembamba. Mwenye jengo akatafuta pa kukaa, akakosa, akasimama kati ya sufuria mbili.

"Haya," akasema, "mnabaki au mnaondoka?"

Mdogo wangu akanitupia jicho la huruma lililoniuma. "Mzee, tumekaa tumefikiri," akaanza. "Kwa jinsi mambo yanavyokwenda mtandaoni, sisi tumeona—"

"Sisi nani?" wifi akauliza.

"Mke wangu, si tulizungumza? Ghala—"

"Ulizungumza wewe. Mimi nilikuwa natikisa chupa." Akashusha kalamu sikioni. "Nikienda ghalani nje ya mji, nitakuwa na simu na kuta nne. Juzi chupa zilikuwa zimekwisha na watu wa jumla wanatuambia ziko njiani. Zilitoka wapi? Zilitoka kona hiyo, na ng'ambo hiyo. Ningefika mimi peke yangu pale, ningepewa moja, kwa huzuni. Hawa wote wameleta mzigo wao hapa asubuhi hii niwauzie, nami nitakata fungu langu kwa kila kinachouzwa, kodi yako mzee itatoka humo. Lakini hawakuuleta kwa sababu ya simu yangu. Wangenipa mimi, mtoto wa juzi, vitu vyao?"

"Tusingempa," Bwana Punguzo akakiri. "Samahani lakini tusingempa."

"Kwa hiyo tunabaki," wifi akasema. Akamgeukia mwenye jengo, wakateta pembeni, nikawasikia wakibishana kwa sauti za chini, na mwenye jengo akitoa kitambaa kufuta jasho. Mdogo wangu alisimama na funguo zake kidoleni, kasahau kuzizungusha.



Wifi akarudi, akasimama mbele yangu mikono kiunoni. "Ila nina sharti, wifi. Lazima unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Huu mtaa. Nani ana nini, nani anaficha nini, nani hasemeshani na nani na kwa nini. Bila hivyo mimi siuzi kitu, nauza picha."

"Hayo si mambo ya wiki moja," nikamwambia. Sauti ilinitoka imekwaruza. "Wala ya mwaka mmoja."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimemwambia mwenye jengo aandike miaka mitano."

Niligeukia rafu nikajifanya napanga sahani, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na wifi akikuona unalia atakutania mpaka uzeeni.